Maandalizi ya usaili wa utumishi wa umma: mtaala wako ni tangazo la kazi

Mwanzisha uzi

Wakuu, habari za wakati huu.

Mimi ni mtunza kumbukumbu katika taasisi moja ya umma hapa Tanzania. Kabla ya kufika hapa niliitwa kwenye usaili mara nne: mara ya kwanza nilirudishwa mlangoni, mara ya pili nilianguka kwenye mchujo, mara ya tatu nilifika kwenye mahojiano nikazungumza sana bila kujibu nilichoulizwa, na mara ya nne ndipo nilipopata. Naona vijana wanaoitwa sasa wanaulizana wapi wapate "maswali yaliyopita", na wapo wanaotoa fedha ili watumiwe madesa hayo kwenye makundi ya WhatsApp. Kwa maoni yangu wanatafuta mbali kitu ambacho tayari wanacho kwenye simu zao. Tangazo la kazi uliyoiomba, na hasa kile kipengele cha majukumu ambacho wengi wetu hukiruka ili tufike haraka kwenye sifa za mwombaji na ngazi ya mshahara, ndilo mtaala wa usaili wako.

Kwanza tuelewane kuhusu ukubwa wa jambo lenyewe. Wenye umri wangu mtakumbuka Juni 2014, Uwanja wa Taifa jijini Dar es Salaam ulipogeuka chumba cha usaili, vijana zaidi ya 10,000 wakiwa wameketi majukwaani kuwania nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilipokea maombi 135,027 kwa nafasi 1,596, yaani zaidi ya waombaji 84 kwa kila nafasi. Penye wingi wa namna hiyo, hatua ya mwanzo ya usaili haiwezi kuwa ya kukufahamu wewe ni nani. Ni hatua ya kupunguza watu, na wanaopungua mapema zaidi ni wale waliokosea mambo madogo.

Mimi nilipungua kabla hata ya kushika kalamu. Cheti changu cha kidato cha nne kilikuwa bado kipo shuleni nilikosoma, kwa sababu tangu kilipofika sikuwahi kwenda kukichukua, nami nikasafiri na hati ya matokeo nikiamini kwamba matokeo ni matokeo. Tangazo la kuitwa kwenye usaili lilikuwa limeeleza waziwazi, kama yanavyoeleza karibu matangazo yote ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, kwamba msailiwa afike na vyeti halisi kuanzia cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita kwa aliyefika huko, hadi astashahada, stashahada au shahada kulingana na sifa zake, na kwamba hati za matokeo na matokeo ya muda havikubaliwi. Nilikuwa nimelifungua tangazo hilo mara moja tu, nikatafuta jina langu, nikaliona, nikalifunga kwa furaha. Mkaguzi wa vyeti hakunifokea wala hakunionea. Alinionyesha mstari wenyewe kwenye simu yangu mwenyewe, kisha akamwita aliyekuwa nyuma yangu. Nauli, malazi na chakula vilikuwa juu yangu, kama tangazo lilivyosema pia.

Kwa hiyo tangazo la kuitwa lisomwe lote, tena kalamu ikiwa mkononi. Humo mna orodha ya vitambulisho vinavyokubalika. Mna sharti la wale ambao majina yao yanatofautiana kutoka cheti kimoja hadi kingine, kwamba waje na hati iliyosajiliwa ya kuthibitisha majina, ile ambayo wengi tunaiita dipoli. Mna sharti la waliosoma nje ya nchi, kwamba vyeti vyao viwe vimehakikiwa na TCU (vyuo vikuu), NACTVET (vyuo vya ufundi) au NECTA (mitihani ya shule) kulingana na ngazi ya elimu. Walio katika kada zenye bodi za kitaaluma hutakiwa kuja na cheti halisi cha usajili na leseni ya kufanyia kazi. Na namba ya mtihani hunakiliwa kutoka kwenye akaunti yako ya Ajira Portal, mfumo wa kuombea kazi mtandaoni, kabla ya kuondoka nyumbani, si pale getini ambapo kila mtu anafungua mtandao kwa wakati mmoja na kurasa zinagoma. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji akili nyingi. Yote yanahitaji wiki mbili au tatu za kuhangaika mapema, na ndiyo maana mimi humshauri mtu ashughulikie vyeti siku anayoomba kazi, asisubiri kuitwa.

Sasa nirudi kwenye madai yangu ya msingi. Kwa kawaida usaili huwa na mchujo wa kuandika, kisha usaili wa vitendo kwa kada zinazouhitaji, kisha mahojiano ya ana kwa ana. Siku hizi baadhi ya michujo hufanyika kwa kompyuta katika vituo vya mikoani, jambo ambalo limewapunguzia wengi safari ya Dodoma. Karatasi iwe ya kalamu au ya kompyuta, anayetunga maswali anahitaji mahali pa kuanzia, na mahali pa haki kwake ni pale mwajiri alipoandika anachotaka mtu huyo afanye. Ile mara ya pili nilipoanguka kwenye mchujo, nilikuwa nimesoma historia ya taasisi, majina ya viongozi wake, mpaka rangi za nembo yake, ilhali maswali mengi yalihusu kazi za masjala, yaani ofisi ya kupokea barua na kutunza mafaili.

Safari ya nne nilibadilisha utaratibu. Nilichukua daftari, nikanakili majukumu ya msaidizi wa kumbukumbu kama yalivyo kwenye tangazo, kila jukumu juu ya ukurasa wake. Jukumu la kwanza lilisema: kutafuta kumbukumbu, nyaraka na mafaili yanayohitajiwa na wasomaji. Chini yake nikajiuliza, kama mimi ndiye msaili, nitauliza nini hapa? Nitauliza: ofisa anataka faili sasa hivi, nawe umekwenda kwenye reki hulioni; utafanya nini? Nikaanza kujibu kwa kuandika. Nitaangalia rejesta ya mzunguko wa mafaili nione nani alilichukua mwisho na tarehe gani. Nitakwenda kwenye meza yake. Nitakagua reki za jirani na mafaili yenye namba zinazofanana, kwa kuwa faili nyingi "zilizopotea" zimerudishwa tu mahali pasipo pake. Lisipoonekana nitamtaarifu mkuu wa masjala, na kwa idhini yake litafunguliwa faili la muda ili kazi isisimame, kisha litakapopatikana lile la awali, yaliyomo yataunganishwa. Kumbuka kwamba wakati huo sikuwahi kuajiriwa masjala. Hayo niliyajua kutokana na chuo na mafunzo ya vitendo ya wiki nane, lakini hakuna aliyewahi kunitaka niyapange kwa mtiririko mpaka nilipojitaka mwenyewe.

Jukumu la pili, kudhibiti upokeaji na uandikishaji wa kumbukumbu, lilinipa swali la bahasha iliyoandikwa SIRI ambayo tarishi ameileta kwa makosa masjala ya wazi, isiyoshughulikia nyaraka za siri. Jukumu la kuchambua na kupanga kumbukumbu kulingana na somo husika lilinirudisha kwenye mfumo wa kuainisha mafaili. Jukumu la kushughulikia maombi ya kumbukumbu kutoka taasisi nyingine za Serikali lilinilazimisha kuisoma Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa Na. 3 ya mwaka 2002, ambayo chuoni tulikuwa tunaitaja kwa jina na mwaka bila kuifungua. Nilipomaliza nilikuwa na kurasa sita za daftari, na hizo ndizo nilizozisoma kwenye basi.

Sitasema kwamba maswali yalitoka yale yale. Swali la faili lisiloonekana lilikuja, tena katika mahojiano, likiwa limevaa nguo nyingine: waliniuliza nitafanya nini nikigundua kwamba mkuu wa idara ana mafaili kumi na mbili nyumbani kwake. Lakini nilikuwa nimeshazoea kuwaza kama mtu aliyemo kazini, na hilo ndilo lililonisaidia kuliko jibu lolote la kukariri.

Kuhusu mahojiano nina machache, kwa sababu hapo ndipo nilipoharibu mara ya tatu. Waliniambia nijieleze kwa ufupi, nami nikaanza na kijiji nilichozaliwa, idadi ya ndugu zangu, ajali iliyomchukua marehemu baba, na mchezo ninaoupenda. Mjumbe mmoja alikuwa akitazama saa ya ukutani kwa adabu. "Jieleze" katika chumba kile maana yake ni: elimu yako inayohusiana na kazi hii, mahali ulipoifanya kazi hii au inayofanana nayo hata kama ni kwa kujitolea, na kwa nini umeiomba, dakika moja na nusu, mbili zikizidi. Pia tofautisha "taja" na "eleza". Jopo huwa na mwongozo wa alama mbele yake, na ukiulizwa utaje mambo matano kisha ukaeleza mawili kwa ufasaha mkubwa, umejinyima alama tatu kwa hiari yako. Taja matano kwanza, halafu kama muda upo rudi kuyafafanua.

Usipojua, sema hujui. Mara ya nne niliulizwa kuhusu kipengele kimoja cha Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za mwaka 2009 ambacho sikukikumbuka, nikasema sikumbuki kipengele hicho lakini ningemwuliza ofisa utumishi kabla ya kuchukua hatua yoyote. Mwenyekiti aliandika kitu, tukaendelea.

Mavazi sitayazungumzia sana: nadhifu, ya heshima, yasiyokubana ukikaa. Koti la kuazima lililokuzidi mabega litakusumbua kuliko shati lako mwenyewe lililopigwa pasi.

Karibuni mchangie, na wenye kada nyingine waeleze huko kwao kukoje.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, umeandika vizuri, lakini umeruka jambo ambalo kila mtu analijua. Nimesailiwa mara saba. Nimesoma majukumu, nimebeba vyeti vyote, nimevaa vizuri, na bado wanaopata ni wale wenye mtu wa kuwashika mkono. Kumwambia kijana asome tangazo wakati nafasi zimeshagawanywa ni kumpa matumaini ya bure na kumtia gharama za nauli.

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, sitakubishia juu ya yale uliyoyaona kwa macho yako, wala sitadai kwamba upendeleo haupo katika nchi hii. Nitasema tu nililolipitia. Karatasi yangu ya mchujo ilikuwa na namba, haikuwa na jina, na nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kufanya kazi ofisini zaidi ya mjomba aliyekuwa mlinzi wa ghala. Nimewahi pia kukaa na wenzangu tulioanguka pamoja, kila mmoja akilaumu upendeleo, na tulipoulizana maswali yaliyokuwemo tukakuta hakuna kati yetu aliyejibu zaidi ya nusu. Upendeleo ukiwepo, huwezi kuuondoa kwa maandalizi. Lakini asiyejiandaa hawezi hata kujua kama ni upendeleo uliomwangusha.

Mara saba ni nyingi, na sichukulii uchovu wako kwa wepesi. Naomba nikuulize jambo moja: katika hizo saba, ulifika kwenye mahojiano mara ngapi?

Mchangiaji wa kwanza

Mara mbili. Tano niliishia kwenye mchujo. Sikuwahi kuzihesabu namna hiyo.

Mchangiaji wa pili

Mimi ni dereva na nathibitisha maneno ya mwanzisha uzi kwa mfano ambao hautasahaulika. Katika usaili wetu wa vitendo tulikuwa wengi, na gari lilikuwa moja. Kijana aliyenitangulia ni fundi wa usukani, ameendesha malori ya kwenda Tunduma kwa miaka. Aliitwa, akafungua mlango, akafunga mkanda, akawasha, akaondoka, akazunguka kwa ustadi ambao mimi sina, akarudi. Nilipoitwa mimi nilizunguka gari kwanza. Nilitazama matairi yote manne na la akiba, nikafungua boneti nikaangalia oili, maji na mkanda wa feni, nikaangalia chini kama kuna kinachovuja, nikajaribu taa, honi na breki, ndipo nikauliza kama naweza kuliondoa. Msaili alikuwa anaweka alama za vema kwenye karatasi yake wakati mimi bado sijagusa ufunguo.

Sikuwa nimefundishwa ujanja huo na mtu. Tangazo la nafasi za dereva daraja la pili, kwa wanaolikumbuka, jukumu lake la kwanza ni kukagua gari kabla na baada ya safari ili kuona hali ya usalama wa gari. Kuwapeleka watumishi kwenye safari za kikazi kunakuja baadaye, halafu matengenezo madogo madogo, kukusanya na kusambaza nyaraka, kujaza taarifa za safari katika daftari la safari, na usafi wa gari. Sisi madereva tunaposoma neno "dereva" tunaona usukani tu. Mwajiri ameandika mambo sita, na kuendesha ni moja kati yake.

Nilipomaliza kuzunguka niliomba daftari la safari nijaze kilomita. Walicheka, lakini walinipa.

Mchangiaji wa tatu

Naomba kuongezea kuhusu madesa, kwa sababu mimi ni mhanga wake. Nimesomea ununuzi na ugavi. Kabla ya mchujo nilinunua kijitabu cha "maswali 200 na majibu yake" kwa mtu ambaye sikumfahamu zaidi ya namba yake ya simu, nikakikariri usiku na mchana. Kilikuwa kimeandikwa kwa kuifuata Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2011, na kila mahali palipotajwa mfumo wa kielektroniki kilitaja TANePS. Wakati huo Sheria mpya ya mwaka 2023 ilikuwa tayari ipo, na mfumo wa NeST ulikuwa umeshachukua nafasi ya ule wa zamani. Niliijaza karatasi kwa ujasiri mkubwa, majibu ya sheria iliyofutwa.

Jambo la kuchekesha, kama linachekesha, ni kwamba tangazo lenyewe lilitaja NeST kwa jina katika majukumu. Mauzo ya madesa hayana kosa kisheria kwa kadiri ninavyoona, lakini aliyeyaandika hajui mwajiri wako anahitaji nini mwaka huu. Anajua tu waliokutangulia waliulizwa nini, kama hata hilo analijua.

Mwanzisha uzi

Asante sana, ndugu. Hilo la sheria kubadilika linagusa kila kada. Kwetu ofisini, kwa mfano, mfumo wa Serikali wa ofisi mtandao umebadilisha namna barua inavyopokelewa na kupelekwa, na msailiwa anayeeleza masjala ya karatasi pekee anaonekana kama aliyelala usingizi mrefu. Ukiona sheria au mfumo umetajwa kwenye tangazo, tafuta toleo linalotumika sasa kabla hujasoma chochote kilichoandikwa juu yake.

Na kwa kuwa tumegusa fedha: kuomba kazi kupitia Sekretarieti hakulipiwi, na Sekretarieti yenyewe imetahadharisha mara nyingi kuhusu watu wanaopiga simu wakiahidi kupitisha majina. Anayekuuzia kijitabu kilichopitwa na wakati amekudhulumu kidogo. Anayekuuzia nafasi amekudhulumu vyote.

Mchangiaji wa nne

Nina maswali mawili ambayo yanaweza kuonekana madogo lakini yananinyima usingizi. La kwanza ni la salamu. Ninapoingia kwenye chumba nikakuta watu watano, wengine umri wa wazazi wangu na mmoja ambaye kwa sura ni rika langu, niseme shikamoo au habari za asubuhi? La pili ni lugha. Nimesoma sekondari na chuo kwa Kiingereza, lakini nikiwa na hofu Kiingereza kinanikimbia. Je, nikiomba kujibu kwa Kiswahili nitaonekana sijasoma?

Mchangiaji wa tano

Dada au kaka, juu ya salamu nikujibu mimi kwa kuwa nimewahi kuketi upande wa pili wa meza. Hakuna aliyewahi kupewa au kunyimwa alama kwa "shikamooni". Ukiona ni wazee, wape heshima yao, itapokelewa. Ukisema "habari za asubuhi, waheshimiwa", nayo itapokelewa vilevile. Kinacholeta kigugumizi ni mtu anayeanza kuzunguka meza kumpa kila mjumbe mkono, halafu anampa shikamoo huyu na kumpa mambo yule kijana. Hapo wajumbe wenyewe hawajui waangalie wapi. Salimia mara moja kwa wote ukiwa umesimama mahali pako, subiri ukaribishwe kuketi, keti.

Juu ya lugha, sikiliza swali limeulizwa kwa lugha gani na ujibu kwa lugha hiyo kama unaiweza. Ukikwama, omba ruhusa kwa sentensi moja iliyonyooka. Wapo wenyeviti wanaoruhusu na wapo wasioruhusu, hasa kama kazi yenyewe inadai uandishi wa Kiingereza, kwa hiyo usiifanye ruhusa hiyo kuwa mpango wako wa kwanza. Jaribu hivi: yale majibu yako ya daftarini, yaseme kwa sauti kwa lugha zote mbili, si kwa kuyasoma. Utashangaa kugundua kwamba mengi ya unayodhani unayajua hayajawahi kutoka kinywani mwako. Nimeona vijana wenye vyeti vizuri wakitafuta neno rahisi kabisa kwa nusu dakika, na ilikuwa wazi kwamba wamesoma kimyakimya tu.

Na jambo moja kutoka upande ule wa meza ambalo huwa halisemwi: kufikia saa nane mchana, wajumbe wamechoka na wana njaa. Wameshasikia mara thelathini kwamba msailiwa ni "mchapakazi na anaweza kufanya kazi chini ya usimamizi mdogo". Anayetokea na mfano mmoja wa kweli, hata kama ni wa kujitolea katika zahanati ya kata, anawaamsha.

Mchangiaji wa nne

Nashukuru sana. Ni dada. Leo nitayasema kwa sauti, nikianza na mdogo wangu kama jopo.

Mchangiaji wa sita

Habari zenu. Nimeusoma uzi wote kwa sababu jina langu limetoka. Usaili wa mchujo ni keshokutwa, nami nina mtoto wa miezi minne anayenyonya. Vyeti vyote ninavyo na majina yanafanana. Mume wangu yuko safarini. Kuna anayejua kama wanaruhusu kuingia na mtoto, au nisiende kabisa?

Mchangiaji wa saba

Nenda, mdogo wangu. Mimi nilikwenda na wa miezi mitano. Ndani ya chumba cha mtihani sikuingia naye, na nisingetaka, maana akilia unasahau hata namba yako. Nilisafiri na mama mdogo wangu, yeye akabaki naye nje kwenye kivuli pamoja na kanga mbili na maji ya moto kwenye chupa. Ukifika tu kwenye uhakiki wa vyeti, waambie wasimamizi una mtoto anayenyonya na uonyeshe nani amebaki naye. Mimi walinisogeza mbele ya foleni bila maneno, ingawa siwezi kukuahidi kwamba kila kituo kitafanya hivyo. Mnyonyeshe dakika za mwisho kabisa kabla ya kuitwa ndani. Na uvae gauni au blauzi inayofunguka mbele, kwa sababu mimi nilivaa gauni la kufungwa zipu mgongoni na tulihangaika nalo nyuma ya gari la mtu.

Una mtu wa kwenda naye?

Mchangiaji wa sita

Wifi yangu amekubali. Tunapanda basi kesho asubuhi ili tulale huko huko. Nimeshanakili namba ya mtihani kwenye karatasi mbili, moja kwangu na moja kwenye mkoba wa mtoto. Majukumu yapo saba. Nimeandika manne, matatu nitayamalizia akishalala.